Birika la Kapteni

Alasiri ile Muhsina alitumwa mfuniko.

Hakutumwa chumvi wala mafuta ya taa. Alitumwa mfuniko wa mbao, wa lile birika la jiwe ambalo ami yake, Marhoon, alilinunua kwa Kapteni mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anahama Maskati. Birika lenyewe lilikwisha letwa, limekaa uani wiki ya pili. Mfuniko ulisahauliwa nyumbani kwa Kapteni, ndani ya ukuta wa mji, na Ami Marhoon hakuwa mtu wa kuacha nyuma kitu alichokilipia.

"Nenda wewe," alisema, halua mdomoni. "Kapteni kesha safiri, yupo mkewe peke yake, na yule Kiarabu hajui. Wewe si una Kiingereza?"

"Nnacho. Leo kimepata kazi."

Ami Marhoon aliacha kutafuna. "Umesemaje?"

"Nimesema nnakwenda, ami."

"Chukua fanusi. Lango likikufungia ndani, usije ukanililia mimi."

Muhsina alivaa buibui, akachukua fanusi, akatoka. Hasira zilimtangulia mlangoni.

Hasira hizo zilikuwa na umri wa miaka mitatu. Unguja alikuwa darasa la saba, hodari wa Kiingereza kuliko wenziwe wote, na mwalimu alikuwa kesha mwambia kwamba na yeye siku moja atasomesha. Kisha ikaja Januari ile ya bunduki. Baba yake, Mahfoudh, alitoka kwenda kumtazama jirani. Hakurudi, na kaburi lake hakuna alijuaye. Waliobaki walikuwa Muhsina, dada yake Mahbuba, na bibi yao, Bi Hind. Wakapanda meli, wakaja Maskati kwa Ami Marhoon, katika nyumba ya nje ya ukuta, karibu na Lango Kubwa. Wiki ya kwanza tu Muhsina aliuliza skuli ya wasichana iko wapi.

Ami Marhoon alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Skuli ya wasichana! Hapa wavulana wenyewe hawazipati. Mtoto wa kike, kitabu utakitia chumvi ukile?"

Basi kila usiku kabla ya kulala Muhsina alijifunika shuka gubigubi, akaita majina ya darasa lake kama mwalimu alivyokuwa akiyaita asubuhi. Jina moja moja, kwa mpango wake. Thuweiba... Ghaniya... Zeyana... Na kila jina alilijibia mwenyewe, kwa kunong'ona: "Hadhir," yaani nipo. Hakujua nani katika hao yu hai. Aliogopa tu kwamba siku atakayolala bila kuwaita, atawasahau, na darasa litakuwa limekwisha kweli.

Sasa, hilo birika. Lilikuwa jiwe la kijivu, la pembe nane, limesimama juu ya mguu wake kama bakuli la jitu. Ubavuni zilichongwa nyuso, na kila uso ulikuwa umevunjwa kwa nyundo. Zilibaki pua nusu na midomo nusu. Ukingoni vilichomoza vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu, kama vya kutilia komeo. Mahamali walioleta walimtukana Kapteni njia nzima kwa uzito wake. Ami Marhoon alisema litafaa kwa kutawadhia.

Na lilifaa, kwa sababu maji yake yalikuwa baridi.

Asiyepata kukaa Maskati mwezi wa Juni hajui neno hilo lina utamu gani. Milima inatema moto usiku kucha. Watu wanalala darini juu ya mashuka waliyoyarowesha, na mashuka yanakauka kabla usingizi haujaja. Maji ya kisima yanatoka vuguvugu. Lakini ukiyamimina katika birika lile, hujamaliza kusema bismillahi, yamekuwa baridi ya kuuma vidole. Majirani wakaja na makopo yao. Ami Marhoon akatembea kifua mbele kana kwamba baridi ile kaitengeneza yeye.

Muhsina hakuyapenda maji yale. Yalikuwa na harufu. Harufu ya udongo uliolowa siku nyingi mahali jua halifiki... na ndani ya harufu hiyo, kwa mbali, maziwa yaliyochacha.

Aliyeogeshwa humo kuliko wote alikuwa mtoto mchanga wa Mahbuba. Mume wa Mahbuba alikuwa kazini Kuwait, na watoto wao wa mwanzo, wawili, walikufa kabla ya arobaini zao. Huyu wa tatu alipozaliwa, wa kiume, Bi Hind alitoa amri: asipewe jina mpaka arobaini itimie.

"Hasidi na shetani watamwita nani?" alisema. "Jina hana. Watafika mlangoni, hawamjui wa kumuuliza, watapita zao."

Ami Marhoon aliafiki upesi. Bila jina hakuna akika, na mbuzi wake wakabaki zizini. Mtoto akawa "huyu". Bi Hind, kwa utani wa bibi na mjukuu, alimwita "mume wangu". Na huyo "mume wangu" alipotoka harara mwili mzima kwa joto, bibi yake akawa anamwogesha birikani kila jua likizama.

Tangu siku ya kwanza mtoto alitulia.

"Mume wangu ana adabu," alijisifu Bi Hind. "Halii ovyo kama watoto wa watu."

Muhsina alimchungulia. Alimwona anakunja uso, anafungua kinywa, ulimi unatetema, machozi yanamtoka. Mtoto alikuwa analia. Sauti ndiyo haikutoka. Na usiku, watu wote wako darini, sauti hiyo ilipanda kutoka uani... kutoka ndani ya jiwe.

Alimwambia ami yake. "Paka," alisema Ami Marhoon. Alimwambia bibi yake. "Nnasoma Ayatul Kursi asubuhi na jioni, shetani hapiti hapa," alisema Bi Hind. Mahbuba alitazama mlangoni kwanza. Alimkamata mdogo wake mkono, akamvuta pembeni.

"Hanyonyi," alinong'ona. "Tangu jana hanyonyi. Na mwili wake baridi, Muhsina. Baridi kama maji yale."

Ndiyo maana siku ile alipotumwa mfuniko, hasira na zote, alikwenda mbio. Alitaka kumuuliza yule Mzungu swali moja tu. Hili ni birika la nini?

* * *

Mke wa Kapteni alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, macho mekundu, nywele hazikuchanwa. Nyumba nzima ilikuwa masanduku. Mfuniko uliegemea ukutani: duara la mbao nyeusi, nene, na ufito wa chuma umepita katikati.

Muhsina aliuliza swali lake. Kiingereza chake kilitoka kwa shida, kama mlango uliofungwa muda mrefu, lakini kilitoka.

"Si la kunawia," alijibu mwanamke. "Ni la kanisa. La kijiji cha mume wangu, Uingereza. Watoto wachanga wanabatizwa humo. Kasisi anamtia mtoto maji, anamwita jina lake."

"Na mfuniko una komeo kwa nini?"

Mwanamke alikwenda dirishani. Alisema huku kampa mgongo.

"Zamani watu walikuwa wakiyaiba yale maji kwa uchawi. Ikatoka amri yafungwe. Lakini si wachawi tu waliokuja usiku." Aliegemea mbao ya dirisha. "Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, kanisa halikumpokea. Alizikwa nje, upande wa kaskazini, gizani, bila jina. Akina mama wengine hawakuweza kuvumilia. Walikuja na maiti zao nguoni, wakavunja komeo, wakawaosha watoto wao wenyewe katika maji yale. Ila maneno ya kasisi hawakuyajua. Na jina waliogopa kulitamka. Waliwaosha tu, wakaenda kuwafukia. Miaka na miaka."

Nje jua lilikuwa linashuka. Muhsina aliona vidole vya mwanamke vinakwaruza mbao ya dirisha.

"Kisha vilikuja vita vya dini. Askari wakazivunja zile nyuso, wakalitupa nje. Pale kanisani mlikuwa na mlango wa kaskazini, unaachwa wazi mtoto akibatizwa, ili shetani atoke. Walilitolea mlango huo huo. Likawa la kunyweshea farasi. Mwishowe likafika bustanini kwa mama mkwe wangu, likapandwa maua. Nilipopata mimba akatuletea hapa kwa meli. Maskati hakuna kanisa, alisema. Mjukuu wangu abatizwe katika jiwe la kwao."

"Mtoto wako yuko wapi?" aliuliza Muhsina.

Mwanamke alinyoosha kidole kwenye mlango wa ndani.

"Alizaliwa chumba hicho," mwanamke alisema. "Hakuvuta pumzi. Mume wangu alisema tusimpe jina, tusije tukamzoea."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Nilikuwa nimezisikia habari za wale akina mama. Nikamwosha humo, kwa mikono yangu. Na jioni ile ile... nikamsikia analia."

"Mkaliuza."

"Mume wangu aliliuza. Mimi nilikuwa kitandani."

"Lakini ulijua!" Muhsina hakujua kwamba anapiga kelele. Kiingereza kilimtoka sasa bila kukwama hata neno moja. "Ulijua, ukaliacha liende katika nyumba ya watu. Kwa sababu ni nyumba yetu sisi, siyo? Ingekuwa ya Mzungu mwenzio ungenyamaza?"

Mwanamke alimsogelea. Alimkazia macho. Kisha akauliza polepole:

"Kwenu kuna mtoto mchanga?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

"Huyu," alisema Muhsina. "Tunamwita huyu tu."

"Ana jina, sivyo? Mmekwisha mpa jina?"

"Bado."

Mwanamke aliuchukua mfuniko kwa mikono miwili, akamtwika Muhsina kichwani.

"Kimbia. Lifunikeni, mlifunge. Wanamtaka asiye na jina... wanamdhani mwenzao."

* * *

Ngoma ya lango ilikuwa imeanza.

Maskati ya siku zile kila mtu aliijua ngoma hiyo. Ikinyamaza unapigwa mzinga, na mzinga ukilia lango linafungwa, na asiye na fanusi mkononi haruhusiwi kwenda popote. Muhsina alipita vichochoroni, mfuniko kichwani, mkono mmoja juu, mkono mmoja fanusi. Watu walikuwa wamekwisha ingia majumbani. Alizisikia hatua zake mwenyewe na ngoma. Du. Du. Du.

Kisha alihisi tone shingoni.

Tone jingine. Baridi. Liliteremka mgongoni ndani ya nguo. Mfuniko alipotwikwa ulikuwa mkavu, aliushika mwenyewe. Sasa maji yalichuruzika masikioni, yalichuruzika mkononi, yakaangukia fanusi, na fanusi ikasema chsss...

Giza.

Mfuniko ulizidi uzito. Shingo ilimuuma. Ilikuwa kana kwamba katika kila pembe ya njia kinapanda kitu juu yake, kitu kidogo, chepesi peke yake, kizito pamoja na wenziwe.

Alifika langoni anahema, mzinga ndiyo kwanza umelia, lango limeshindikwa. Askari, mzee wa Kibulushi mwenye bunduki ndefu, alimnyoshea mkono.

"Taa yako iko wapi?"

"Imezimika sasa hivi, baba. Fungua, nnakaa hapo nje tu."

"Bila taa hupiti. Sheria."

"Sheria!" Muhsina alimwinulia fanusi iliyozimika. "Skuli hakuna, sheria! Taa imezimika, sheria! Hapo nyumbani kuna mtoto anakufa, na wewe unaniuliza taa?"

Mzee alinyanyua fanusi yake amtazame vizuri huyu msichana asiye na adabu. Alitazama uso. Kisha alitazama juu, kichwani. Akapunguza sauti.

"Binti... humo umebeba watoto wachanga?"

"Nimebeba mfuniko."

"Wanalia," alisema askari. "Wengi."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Kisha akafungua lango upana wa mtu mmoja na kugeuza uso upande wa pili ili asimwone akipita.

* * *

Aliwasikia kabla hajafika mlangoni. Mahbuba alikuwa anapiga mayowe.

Uani taa mbili zilikuwa zinawaka. Bi Hind ameinama juu ya birika, mikono imezama mpaka viwiko, kanga imemwanguka. Mtoto hakuamka tangu alasiri, na yeye alidhani maji baridi yatamshtua.

"Nnamvuta haji!" alilia. "Nnamvuta haji! Ya Rabbi, kitu kimemshika!"

Birika lilikuwa na kina cha mkono mmoja tu, na tundu la chini limezibwa. Hapakuwa na mahali pa mtoto kwenda. Lakini Muhsina alipochungulia hakuuona mwisho wa maji. Aliona uso wa mtoto, mweupe, macho wazi, umebaki pua na mdomo juu. Na mwilini mwake, kifuani, mapajani, shingoni... aliona vidole. Vidogo. Vidogo kuliko vyake yeye mtoto.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ilijaa ua mzima.

Bi Hind alianza Ayatul Kursi kwa sauti ya kutetemeka. Maji yalitulia kama watu waliosikiliza. Hayakumwachia.

"Si mashetani, bibi," alisema Muhsina. "Ni watoto."

"Funika!" Ami Marhoon alikuwa amesimama ngazini, nusu juu nusu chini. "Mfuniko umekuja nao, funika!"

"Mtoto yumo ndani, ami!"

"Keshakufa huyo! Funika, visije vikatoka!"

Muhsina aliutupa mfuniko chini. Ulianguka kwa kishindo, ukapasuka kati. Aliingiza mikono yake majini, baridi ikampanda mpaka mabegani, akamshika mtoto kichwa, akamwinamia sikioni.

"Mahfoudh!"

"We mtoto!" alipiga kelele Ami Marhoon. "Nani kakupa wewe ruhusa ya kutia watu majina?"

"Mahfoudh! Wewe ni Mahfoudh, jina la babu yako! Sikia mtu anakuita! Mahfoudh!"

Kidole kimoja kiliachia. Kisha kingine. Vilimtoka mwilini kimoja kimoja, bila haraka, kama watoto wanaonyang'anywa kitu wakajua si chao. Mtoto akapanda juu. Mahbuba akamnyakua, akamtia kifuani, na ua mzima ukasikia kilio kikubwa cha hasira, kilio cha mtoto aliyeonewa.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Hind, akakaa chini palepale katika matope.

Lakini maji hayakutulia.

Yalianza kugonga ukingo. Polepole. Na ndani yake zikatoka sauti, nyembamba, moja juu ya nyingine, hazina maneno. Hata hivyo Muhsina alizielewa. Aliwahi kuisikia sauti hiyo tumboni mwake mwenyewe, siku Ami alipocheka mpaka akajifuta machozi.

*Na mimi?*

"Sasa funika!" Ami Marhoon alikuwa kesha okota kipande cha mfuniko. "Mtoto keshatoka, maliza kazi!"

"Sifuniki."

"Muhsina!"

"Wamefungiwa vya kutosha!" Aligeuka, na Ami Marhoon alirudi ngazi moja juu, kwa sababu hakuwahi kumwona mtu wa nyumba yake na uso kama ule. "Wamefungiwa nje na makasisi, wamefungiwa nje na baba zao, kosa lao ni kutangulia kufa. Na mimi nije niwafunge tena, kwa mkono wangu? Sifuniki, ami. Ukitaka kufunika shuka wewe."

Ami Marhoon hakushuka.

Muhsina alisimama mbele ya birika, akanyoosha mgongo kama mwalimu alivyokuwa akinyoosha mgongo wake. Akakohoa. Akaanza.

"Thuweiba."

Kitu kilisema *eh*. Kidogo, kama mtoto anayepokea titi. Maji yakashuka kidogo.

"Ghaniya."

*Eh.*

"Zeyana. Khole. Nasriya. Sayyida."

Aliita taratibu, hakuruka hata mmoja. Hakujua nani wa kike nani wa kiume, na hawakuonyesha kujali. Kila mmoja aliitika, na kila mmoja alipoitika maji yalipungua na mkono mmoja mdogo ulipotea. Machozi yalimtoka Muhsina lakini sauti yake haikutetemeka. Alikuwa anagawa darasa lake lote. Katikati alifika kwenye jina la Bakhita, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, na hapo alisita, kisha akalitoa. Aliyelichukua aliitika kwa sauti ya chini kuliko wote, na Muhsina alidhani, hakuwa na hakika, kwamba huyo ndiye wa Kapteni, aliyezaliwa Maskati.

Majina yakaisha.

Birika lilikuwa karibu kukauka. Chini kabisa, kwenye tundu, yalibaki maji kiasi cha kujaza kiganja. Yalikuwa meusi, na yalikuwa yanazunguka.

Mmoja amebaki.

"Basi, mwanangu," alinong'ona Bi Hind. "Inatosha. Njoo."

"Huyu je, bibi? Nimwache peke yake?"

Aliwaza. Majina ya darasa yamekwisha. Limebaki moja tu la darasa lile, ambalo kila usiku alilitaja la mwisho na kuliitikia kwa furaha kuliko yote. Aliinama karibu sana.

"Muhsina," alisema.

Wote waliokuwa uani walisikia, na baadaye hakuna aliyekubali kulizungumza. Huyu wa mwisho hakusema *eh*.

Alicheka.

Si kicheko cha mtoto. Kilikuwa kicheko kirefu, cha chini, cha mtu mzima aliyengoja mlangoni muda mrefu sana, na hatimaye akaambiwa karibu. Kisha maji yakaingia tunduni, tundu lililozibwa, yakatoweka. Jiwe likabaki kavu na la moto kama mawe mengine yote ya Maskati.

* * *

Mahfoudh alikua. Alikuwa na sauti ya kuwaamsha majirani, na hakuna aliyemnyamazisha. Mke wa Kapteni aliondoka na meli bila kuaga mtu. Ami Marhoon alijaribu kuliuza birika, lakini halikuwa na baridi tena na hakuna aliyelitaka, basi akaliburuza nje likawa la kunyweshea wanyama. Mbuzi walikunywa. Punda hawakulisogelea.

Muhsina alikuwa akilikumbuka neno moja la yule mwanamke, neno alilolisikia siku ile bila kulitia maanani. Walilitolea mlango huo huo. Mlango wa shetani; huenda naye alitoka humo humo ndani ya jiwe. Kila alipolikumbuka alijikasirikia, kisha alimkasirikia yule mwanamke, kisha kasisi wa kwanza aliyetia komeo. Na nyumbani hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Bi Hind alimwita "mke mwenzangu". Mahbuba alimwita "mdogo wangu". Hawakusema kwa nini. Wiki ya kwanza baada ya tukio lile Mahbuba alikuwa jikoni akaita, "Muhsina!", na kuna aliyeitika kutoka uani, naye Muhsina alikuwa juu darini, amelala.

Mwaka wa sabini mambo ya Maskati yaligeuka. Lango likaacha kufungwa usiku. Fanusi zikatundikwa misumarini. Ikafunguliwa skuli ya wasichana, na Muhsina, mkubwa kuliko wote, alikwenda akakaa nyuma kabisa, magoti yanagonga dawati. Hakumwomba Ami ruhusa. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio. Alikuwa mwanamke kijana, na sauti yake ilikuwa safi. Akaita jina la kwanza. Msichana akasimama, "Hadhir!" Jina la pili. "Hadhir!" Muhsina aliuma midomo asilie. Miaka yote hii aliita mwenyewe na kuitikia mwenyewe. Leo ataitwa.

"Muhsina binti Mahfoudh."

"Hadhir," ilisema sauti nyuma yake.

Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Mwalimu hakuinua macho. Alitia alama, akanyanyua kalamu aite mwingine. Wasichana wa mbele waligeuka mmoja mmoja, wanakunja pua. Kulikuwa na harufu darasani, ya udongo uliolowa mahali jua halifiki.

Damu ilimpanda Muhsina kichwani. Baba yake walimchukua, akanyamaza. Skuli yake waliichukua, akanyamaza. Alisimama mpaka dawati likapiga kelele.

"Mwalimu! Jina hilo ni langu. Rudia kuliita."

Mwalimu alishangaa, akatabasamu, akarudi juu kwa kidole.

"Muhsina binti Mahfoudh?"

Safari hii waliitika wawili.